Lenzi ya Kopo la Biskuti

Severina aliiacha ringi ya lenzi kwenye tano, na asubuhi akaikuta kwenye nne na nusu.

Hakulitilia maanani. Lenzi za zamani huwa na grisi iliyochoka, na ringi iliyolegea inaweza kusogea mtu akiigonga meza. Aliirudisha kwenye tano akaenda kuwasha jiko. Alikuwa na uji wa kupika, nguo za kuloweka, na wateja wawili wa picha za pasipoti saa tatu.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake pale Kihesa, mjini Iringa. Tangu mume wake afariki, chumba hicho ndicho kilichowalisha yeye na binti yake mmoja, Happy. Kazi haikuwa na raha. Kaa wima, kidevu juu, usicheke, haya, mwingine. Raha yake ilikuwa Jumapili baada ya ibada, alipoichukua kamera yake na kupiga vitu ambavyo hakuna mtu angemlipa: mvuke wa sufuria, maganda ya mikaratusi, vidole vya Happy vikichambua maharage.

Kamera yenyewe ilikuwa ya dijitali lakini imetengenezwa kwa sura ya zamani, ngozi nyeusi ubavuni na vitufe vya kuzungusha juu. Kwa kipande cha chuma kinachoitwa adapta iliweza kubeba lenzi za enzi za filamu, zile zisizojua kujirekebisha zenyewe. Unazungusha ringi kwa vidole, polepole, na kwenye kitundu cha kutazamia kila kitu kilicho wazi kinachorwa mstari mwekundu pembeni. Ukiangalia ringi, namba inakwambia kitu hicho kiko mita ngapi. Severina aliipenda taratibu hiyo. Mchana kutwa watu walimharakisha, lenzi haikumharakisha.

Lenzi hii mpya aliitoa Mbeya, sokoni Mwanjelwa, kwa mwanamume wa Kihindi aitwaye Aamir aliyeuza redio na chaja. Baba yake, marehemu Mulji, alikuwa na studio zamani, na Aamir alikuwa anamaliza makorokoro yake. Severina alichagua lenzi mbili. Aamir akamwongezea ya tatu, iliyokuwa ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Hii ina ukungu ndani, dada. Mimi siwezi kuiuza. Chukua tu."

Ukungu ulikuwepo kweli. Mbeya na Iringa ni baridi na unyevu, lenzi ikikaa kabatini inaota utando kwenye kioo, na kila mpiga picha wa nyanda hizi anajua dawa yake: unaifungua kifuniko, unaianika juani siku mbili tatu, jua linaua. Utando wa lenzi hii ulikuwa wa ajabu kidogo. Ulikuwa na matawi matano mafupi, kama kiganja cha mtoto kilichoegemezwa dirishani. Severina aliianika ukutani siku tatu. Siku ya tatu jioni kioo kilikuwa safi kama maji.

Picha ya kwanza alimpiga Happy.

Msichana alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, hukohuko Mbeya, na barua ilikuwa imefika asubuhi. Severina hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo alichukua kamera. Happy alisimama langoni, barua kifuani, mita tano kamili.

"Usinune."

"Sijanuna, Mama. Ndiyo sura yangu."

Severina alizungusha ringi. Mstari mwekundu ulipita kwenye majani ya mgomba, ukapita kwenye kamba ya nguo, kisha, kabla ya kumfikia Happy, ukachora kitu mahali pasipokuwa na kitu: bega, shingo ndefu, na mkono uliofika chini ya goti. Alitoa jicho kwenye kitundu. Palikuwa na uwanja uliofagiliwa, na binti yake. Alipangusa jicho, akatazama tena, akamwona Happy tu, wazi kabisa, kope moja moja. Akabonyeza.

Harufu ya siki ikapita uwanjani. Severina aliijua. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye studio ya filamu, na hivyo ndivyo chumba cha giza kilivyonuka kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Lakini mjini hapa hakukuwa na chumba cha giza tena.

Jioni alimtuma Happy kununua mafuta ya taa. Happy alifika langoni akarudi.

"Nimesikia kizunguzungu."

"Kula basi. Hukula mchana."

Kesho yake vilevile. Severina alidhani ni uvivu wa mtu anayejua anaondoka.

Jumamosi alikuwa na kazi ya kipaimara kanisani. Aliweka kamera na lenzi zake zote kwenye mkoba, akapanda bodaboda, wakashika barabara. Hawakufika hata dukani kwa jirani, dereva akapunguza mwendo, akatazama kioo.

"Mama, yule si binti yako?"

Severina aligeuka. Happy alikuwa anakimbia nyuma yao, miguu mitupu, kanga imefungwa kifuani, povu la sabuni mpaka viwikoni, na hakuwa anakimbia kama mtu anayetaka kumfikia mtu bali kama mtu anayevutwa, kifua mbele na kichwa nyuma, miguu ikijaribu kushika ardhi na kushindwa, na alikuwa anapiga kelele, si kumwita mama yake, bali maneno mengine ambayo Severina aliyasikia vizuri pikipiki ilipozimwa.

"Simama, Mama! Mimi siwezi kusimama!"

Alianguka palepale bodaboda iliposimama. Nyayo zilikuwa zimechubuka, na vidole viwili havikuwa na kucha. Alikuwa amejaribu kushika nguzo ya lango.

Kipaimara kilipata mpiga picha mwingine.

Nyumbani Severina alifanya alichokijua. Alichukua futi ya cherehani. Aliweka mkoba mezani, akamwambia Happy atembee polepole kuelekea mlangoni, na alipokwama akapima. Mita nne. Akatoa kitu kimoja kimoja kwenye mkoba, akakihamisha chumba kingine, mpaka kikabaki kile kilichomshika mtoto wake. Ilikuwa lenzi ya kopo la biskuti. Ringi yake ilisoma nne.

Alipoishika, ringi iliteleza kwa wepesi mpaka tano, mpaka kumi. Alipoiweka mezani, ilirudi yenyewe ikasimama kwenye nne, na ikatoa mlio mdogo. Tik.

"Mama, ivunje."

Severina alichukua nyundo. Aligonga ukingo wa kioo cha mbele mara moja, si kwa nguvu. Happy alipiga yowe akaziba jicho la kulia, na alipotoa mkono, weupe wa jicho ulikuwa mwekundu kama nyanya. Severina aliweka nyundo chini, akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya jicho la mwanawe.

Mchungaji Ezron alikuja na wazee wawili wa kanisa. Waliomba saa nzima. Wakati wa maombi ringi haikusogea. Walipotoka tu, kabla hata ya kuvaa viatu mlangoni, walisikia: tik. Tik. Mchungaji aligeuka, akamwangalia Severina.

"Umeitoa wapi hii, Mama Happy?"

"Mbeya."

"Irudishe ilikotoka. Sisi tutaendelea kuomba, lakini wewe irudishe."

Ringi ilikuwa kwenye mbili na nusu. Simu ya Aamir haikupatikana siku hiyo, wala siku tatu zilizofuata. Happy sasa alilala studio, chini ya meza, kwa sababu kitanda chake kilikuwa mbali. Mlio ulikuja wakati wowote, mara mbili mchana, mara moja alfajiri, mara wakiwa wanakula, na kila ulipokuja Happy aliacha kijiko na kusogea kidogo kuelekea mezani, bila kuambiwa, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Alisema kuna mtu anayemshika kiunoni. Hamuumizi. Mikono yake ni ya baridi, na ni mirefu kiasi kwamba inamzunguka mara mbili.

"Anasema kitu?"

"Ananusa tu, Mama. Hapa, nyuma ya sikio."

Siku ya tano Aamir alipokea. Severina alieleza kwa kifupi. Aamir alicheka, kisha akasikika mwanamke nyuma yake akiuliza kitu kwa sauti kali. Aamir alijibu Kigujarati. Simu ikanyang'anywa.

"Nani huyo mwenye kopo langu?" Ilikuwa sauti ya mzee. "Wiki tatu natafuta kopo langu!"

"Ninalo mimi, Bi mkubwa. Niko Iringa."

"Umepiga mtu hai?"

Severina alimtazama Happy chini ya meza.

"Mama, umepiga mtu hai nayo?"

"Binti yangu."

"Ringi iko wapi?"

"Moja na nusu."

"Njoo. Usingoje Jumatatu. Njoo."

Walipanda basi asubuhi. Severina alikaa na mkoba mapajani, Happy dirishani amevaa miwani ya jua ya marehemu baba yake kuficha jicho. Kondakta alikuja akashika mkanda wa mkoba.

"Mama, mizigo yote buti."

"Huu haukai buti."

"Una nini, dhahabu?"

"Una mwanangu," alisema Severina.

Kondakta alimtazama usoni, akauachia mkanda. Pale basi liliposimama watu wachimbe dawa, waliingia vichakani wote wawili na mkoba wao, na wanawake wengine wakacheka kwamba huyu binti mkubwa hivi bado anashikwa mkono. Happy naye alicheka. Kisha ikalia, tik, ndani ya mkoba, na akaacha.

Bi Kaniz, mama yake Aamir, yule wa kwenye simu, aliishi nyuma ya duka, kwenye nyumba ndefu ya zamani yenye ukumbi mwembamba kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, wa miaka sabini na kitu, amevaa sweta juu ya gauni. Hakusalimia. Alinyoosha mikono yote miwili, na Severina alipompa lenzi aliisogeza dirishani, akachungulia ndani ya kioo kwa muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na mwanga ulikuwa wa kijivu.

"Alikuwa hapa," alisema. "Mkono wake ulikuwa hapa. Ukungu wa ndani uko wapi?"

"Niliusafisha."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa jua. Niliianika siku tatu."

Bi Kaniz aliketi kwenye kitanda cha kamba. Aamir, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Mama, ulikuwa ukungu tu."

"Ulikuwa dada yako." Alisema bila kumtazama. "Afroz. Alikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa tumboni."

"Uliniambia alikufa kwa homa."

"Ningekwambia nini?"

Aliwaeleza. Mulji alikuwa anapenda kupiga mandhari. Siku moja, kwenye njia ya Idodi, huko Iringa, aliona bwawa la maji meusi chini ya mwamba, na wenyeji wakamwambia mahali hapo hapapigwi picha. Alipiga moja. Jitu la bwawani likaingia ndani ya lenzi, na kuanzia hapo lenzi ilishika watu. Wa kwanza alikuwa fundi wao wa studio, Gwakisa, aliyekaa kizingitini siku nne asiweze kwenda kwake, na wao wakidhani amelewa. Siku ya tano Mulji akampiga Afroz picha ya Idi. Dakika hiyohiyo Gwakisa aliinuka akakimbia, wala hakurudi kudai chochote.

"Hushika mmoja," alisema Bi Kaniz. "Akipigwa mwingine, wa kwanza anaachiwa. Tuliligundua hilo ringi ikiwa kwenye moja. Tulijaribu mbuzi. Tulijaribu picha ya mtu kwenye kalenda. Halitaki. Linataka uso wa mtu hai, na uwe wazi, si wenye ukungu. Shehe alikuja, akakaa nalo siku mbili, akaniambia, huyu ana nyumba na nyumba ina chumba kimoja, halali peke yake. Basi."

"Na ringi ikifika mwisho?"

"Asubuhi tulikuta lenzi kwenye mto wake. Na ule mkono ndani ya kioo. Baada ya hapo ringi haikusogea tena. Chumba kilikuwa na mtu." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Nikamfunga kwenye kanga yangu, nikamweka ndani ya kopo. Miaka arobaini. Afroz alikuwa anaogopa giza, na mimi nimemweka ndani ya kopo."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Kwa hiyo sasa ametoka," alisema Happy kwa sauti ndogo.

"Ametoka. Mama yako amemtoa. Na wewe unaingia."

Severina aliuliza swali lake bila kulizungusha. "Mzee Mulji alijua kwamba akipigwa mwingine mtoto anaachiwa. Kwa nini hakusimama yeye?"

"Kila siku alikuwa anajiandaa," alisema Bi Kaniz. "Leo ngoja nifunge hesabu za duka. Leo ngoja nimwone kaka yangu. Alikuwa mtu mzuri. Aliogopa."

Tik.

Severina alitazama ringi. Sifuri nukta saba. Happy alikuwa amesogea bila kujua, bega lake linagusa bega la Bi Kaniz. Severina akainuka, akafunga lenzi kwenye kamera, akaiweka mikononi mwa binti yake.

"Nitasimama mwisho wa ukumbi. Ni kama mita kumi."

"Mama, hapana."

"Weka kwenye kumi. Niweke wazi machoni."

"Weka ile alama ya mwisho basi, ile nane iliyolala, isiyo na mwisho. Si hapo utakwenda popote?"

"Mtu aliye mbali hivyo hana uso wa kuonekana," alisema Bi Kaniz. "Halitamshika."

Severina alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita kabati, akapita picha za harusi za watu wasiomhusu, akafika mlango wa jikoni, akageuka. Binti yake alionekana mdogo kule mwisho, miwani ameivua, jicho moja jekundu.

"Bonyeza."

Happy aliinua kamera. Ndani ya kitundu aliona mistari myekundu ikitembea ukutani, kwenye fremu za picha, kwenye ukingo wa kabati, kisha ikakusanyika katikati ya ukumbi, mahali pasipo na mtu, ikachora mgongo mrefu ulioinama kwa sababu dari ilikuwa fupi, ikachora vidole vilivyofika sakafuni, na mgongo huo ukasogea kulia alipohamia kulia na kushoto alipohamia kushoto ili asiuone uso wa mama yake, na machozi yakajaa jichoni mpaka hata mistari yenyewe ikaanza kuelea. Akabonyeza hivyohivyo.

Tik. Tik.

"Haijashika!" alilia Bi Kaniz. "Uso ulikuwa na ukungu! Iko kwenye nusu, mtoto, baada ya hapo ni mwisho!"

Harufu ya siki ilijaa ukumbini. Happy aliona mikono yake mwenyewe ikiivuta kamera kifuani, ikiikumbatia, na hakuwa yeye aliyekuwa anavuta.

"Happy," aliita mama yake kutoka mbali, aliyeiona kamera ikikwepa kulia na kushoto, kwa sauti ileile ya kumwamsha asubuhi. "Pangusa macho. Piga goti. Chungulia kwa chini, kati ya miguu yake."

Happy alipangusa macho kwa bega. Alipiga goti. Chini, kati ya mistari miwili mirefu myekundu, aliona kanga ya mama yake, na alipoinamisha kamera mpaka shavu likagusa sakafu aliuona uso, mbali, umechoka, umekunjamana kama wa mtu anayesubiri foleni hospitalini. Alizungusha ringi kiasi cha unywele mmoja. Kope zikawa nyekundu. Akabonyeza.

Kisha akasimama, akaweka kamera sakafuni, akafungua mlango wa mbele, akatoka. Alivuka barabara, akaenda mpaka kona, akaenda mpaka alipoishia kuonekana. Severina, mwisho wa ukumbi, alisikia mikono ya baridi ikimzunguka kiuno, mara mbili. Alikuwa anahesabu nyayo za mwanawe.

Happy aliripoti shuleni Jumatatu. Severina alirudi Iringa na mkoba wake.

Mwezi mzima aliishi nao. Mkoba ulikwenda sokoni, kisimani na kanisani. Ringi ikiwa kwenye kumi aliweza kuuacha ndani na kufagia uwanja. Kwenye tatu aliacha kulala chumbani. Happy alipiga simu kila Jumapili kwa simu ya matroni, kwanza akilia, kisha akieleza Kemia, kisha akiomba sabuni na daftari za hesabu.

"Iko wapi, Mama?"

"Kumi."

"Bado kumi?"

"Inanipenda. Soma."

Kila mara alipoulizwa alisema kumi. Bi Kaniz hakudanganywa. "Tafuta mtu," alimwambia kwenye simu. "Mzee. Mgonjwa. Mtu aliyemaliza. Mimi ningekuja, Aamir amefungia viatu vyangu kabatini." Severina alijibu kwamba hakuna mtu aliyemaliza. Alikuwa amewafikiria wote aliowajua, mmoja mmoja, akiwa anaosha vyombo.

Siku ringi ilipofika nusu ilikuwa Alhamisi, kiangazi, upepo unapeperusha vumbi jekundu mtaani. Pua ilikuwa nyuma ya sikio lake tangu alfajiri. Alikuwa ameketi studio, kamera mapajani, akiandika kwenye karatasi mambo ambayo Happy angehitaji kuyajua: jina la mtu wa benki, mahali hati ya kiwanja ilipo, dada wa kumwendea. Alikuwa amefika katikati ya orodha mlango ulipogongwa.

"Kamwene, mama," ilisalimu sauti ya mwanamke kwa Kihehe.

"Kamwene. Karibu."

Alikuwa mwalimu kutoka Kilolo, aitwaye Veneranda, mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vimejaa vumbi. Alitaka picha nne za pasipoti kwa ajili ya fomu za uhamisho. Basi lake la kurudi lilikuwa saa tisa. Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa, akajipangusa uso kwa leso, akasema studio nyingine zote alizopita zimefungwa.

Severina alisimama. Angeweza kubadilisha lenzi. Ile nyingine ilikuwa rafuni, mkono ungeifikia.

"Kaa wima," alisema. "Kidevu juu. Usicheke."

Alizungusha ringi mpaka mbili. Mstari mwekundu ukazunguka macho ya mwalimu, safi, bila kitu chochote kati yao. Akabonyeza, na kiuno chake kikawa chepesi kama cha mtu aliyetua ndoo.

Alichapa picha nne, akazikata, akazitia kwenye bahasha. Mwalimu alishukuru, akaenda mlangoni, akasimama. Alicheka kidogo. Alishika fremu ya mlango.

"Mama, mbona miguu..."

"Ni jua. Kaa upumzike."

"Basi langu saa tisa."

"Kaa, mwalimu. Atakuja mteja mwingine, nitampiga, utakwenda."

Yule mwanamke hakuelewa, lakini aliketi. Severina alitazama mtaa juu na chini. Vumbi, mbwa mmoja, mashine ya kusaga ikilia mbali. Akamwacha mteja wake kitini, akatoka mikono mitupu, akavuka barabara mpaka kwa Eveline, muuza duka, akaomba soda.

"Leo umetoka bila mkoba," alisema Eveline.

"Leo nimeuacha."

Alikaa kwenye benchi la nje. Kutoka studio mwalimu alimwita mara moja, kwa adabu, kisha mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi. Severina alimsikia. Soda ilikuwa baridi, na aliinywa polepole mpaka chini.